Uyoga Uliogeuka Buluu Mkononi

4 Machi

Chiriku wangu,

Nakusalimu wewe na mume wako, na kama lifti anazozitengeneza zinapanda na kushuka bila kumkwamisha mtu katikati, nashukuru. Sisi huku wazima. Paa lilivuja upande wa jikoni, limezibwa. Cherehani nimemwazima binti wa dobi, maana ilikaa tu, siku hizi nashona kwa nadra. Dobi mwenyewe anakusalimu. Yeye ndiye mwenye simu hapa jirani, lakini simu yake haishiki mtandao mpaka mtu apande ngazi ya tangi la maji, na jambo langu ni refu, siwezi kulieleza nikiwa nimening'inia kama nguo za wateja wake. Kwa hiyo naandika.

Mgeni wetu aliye tumboni hajambo? Ameanza kurusha mateke? Mimi ndiye niliyekushonea nguo zako za kwanza, nawe uliponiuliza maswali kabla hujaota meno ndipo nikakuita Chiriku. Niambie amefikia wapi nijue nikate kipimo gani.

Sasa sikiliza. Baada ya mvua kubwa nilikwenda kwenye ile misonobari nyuma ya kiwanda cha mbao kuokota vijiti vya kuwashia moto. Nikachoka, nikakaa chini, mkono wangu ukaangukia kitu cha baridi. Jua lilikuwa linachoma, hata mawe huwezi kuyashika, lakini kile kitu kilikuwa baridi kama shavu la mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kutazama, ni uyoga. Mkubwa, wa kahawia, umeumuka kama mkate.

Uyoga naujua, nimeula tangu sijavaa viatu. Uyoga ninaoujua ukiugeuza unakuta chini yake vipande vyembamba kama kurasa za kitabu. Huu hauna kurasa. Chini yake ni sifongo, matundu madogo madogo yasiyo na idadi, ya manjano. Na mguu wake mnene umefumwa wavu, wavu kabisa, kama lesi niliyokuwa nikiitia kwenye magauni ya maharusi. Nikajiuliza ni nani aliyekaa huku chini ya majani akifuma.

Nikatoa mkasi mfukoni, nikaukata. Ndani ulikuwa manjano hafifu. Nikapepesa macho mara moja. Ukaanza kugeuka buluu, Chiriku. Kuanzia pembeni, kama wino uliomwagika kwenye kitambaa kilicholowa, buluu ikatembea mpaka katikati mbele ya macho yangu, na mimi sijaufanya kitu. Nikaudondosha. Kisha nikauokota tena, nikakata pengine, ikatembea tena. Nilikaa pale nikausahau moto, nikausahau na mchana wenyewe.

Wewe unashika hadubini kila siku huko chuoni. Niambie, hiki ni nini?

Mimi shangazi yako, mwenye mkasi.

22 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Barua yako imenikuta salama, nami nakurudishia salamu kwa mikono miwili. Mume wangu hajambo, wiki hii yuko kwenye jengo la orofa nyingi ambako lifti zote mbili zimegoma, anarudi nyumbani miguu inawaka. Tumehamisha kitanda kwenye chumba cha mbele chenye hewa zaidi. Kazi ni ile ile, naandaa hadubini na vioo kwa ajili ya wanafunzi, nao wanavivunja.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye korido ya maabara, nikaisoma tena, kisha nikampelekea mwalimu wa mimea. Ni mzee mtaratibu, ana kigugumizi, lakini alipofika pale kwenye wino uliomwagika alivua miwani na kusema bila kukwama hata kidogo, "Huyu shangazi yako ameona."

Kundi hilo la uyoga wenye sifongo linaitwa boleti. Kila tundu uliloliona ni mdomo wa mrija, na mirija hiyo imesimama wima imebanana. Ndani ya kila mrija, ukutani, ndimo zinamokaa spora, ambazo kwa uyoga ni kama mbegu. Zikikomaa zinajiachia na kuanguka moja kwa moja kupitia katikati bila kugusa ukuta. Uyoga mmoja unaweza kumwaga mamilioni kwa mamilioni, ndogo kuliko vumbi la chaki. Hata wewe ulipokuwa umekaa pale zilikuwa zinaanguka.

Na ile buluu ni hewa, Shangazi. Ndani ya nyama yake kuna kitu kilichofichwa mbali na hewa, na ukikata kinakutana nayo kwa mara ya kwanza. Hicho ndicho ulichokiona.

Lakini nakuomba, na hapa sitanii: usile. Kugeuka buluu peke yake hakusemi kama ni chakula au ni sumu. Wengine ni kitoweo cha maana, wengine wanalaza watu hospitali. Wenye sifongo nyekundu, au ya rangi ya chungwa iliyokolea, usiwapeleke hata jikoni. Mwalimu anasema hawezi kuutaja jina kwa kusimuliwa. Anataka ukaushe vipande juani umtumie, na uweke kofia moja kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, uifunike bakuli, uiache hadi kesho yake. Utakachokikuta kwenye karatasi hutakisahau. Halafu tuandikie rangi zote, ya juu, ya chini na ya unga utakaoanguka.

Jitunze, usiende mbali peke yako.

Wako, Chiriku.

30 Aprili

Chiriku wangu,

Nimefurahi kusikia habari za kitanda. Nilikuuliza habari za mtu, ukanijibu habari za kitanda. Basi labda barua yangu uliisoma haraka. Nguo za mgeni bado sijaanza, kitambaa cha maana hakijapatikana huku, vyote vinachuja rangi. Usinihesabie uvivu. Dobi yuko salama ingawa aliumwa tumbo kidogo, nadhani ni maharage yaliyolala.

Nimefanya ulivyoniagiza. Nilipoinua bakuli na kuiondoa ile kofia, nilipitisha kidole kwenye karatasi na kidole kikateleza kama nimeshika poda. Dobi alikuwepo, akasema uyoga umejichora mduara mzima, na ndani ya mduara kila tundu limeacha alama yake. Akanyamaza. Chiriku, unamjua dobi, hanyamazi hata akiwa na pini mdomoni. Akasema, "Huu umejipiga picha wenyewe." Karatasi nimeikunja ndani ya bahasha hii pamoja na vipande vikavu.

Nimekuwa nikienda karibu kila mvua inapokatika. Sasa nawapata kwa pua kabla ya kuwafikia. Kuna wanaonuka kama unga uliokaa gunia, kuna wanaonuka kama matunda yaliyoanza kulewa. Nawapata pia kwa baridi yao, nikipitisha kiganja juu ya majani bila kugusa, kuna mahali hewa inapoa, nikishusha mkono hapo naye yupo. Sijui kwa nini wako baridi. Nimeshika mawe, magogo, udongo, vyote vina joto lake la mchana, wao tu ndio wana baridi yao.

Tena nimempata mmoja ambaye sijui nimweleze vipi. Yuko peke yake kwenye uwazi, mbali na wengine. Nilidhani ni kisiki, nikataka kukikalia. Nikamzungusha mikono, mikono yangu miwili haikukutana. Nikalala ubavu nikaingiza mkono chini yake, mpaka kwenye kiwiko, na kule juu ndani kulikuwa na ile sifongo, laini, imetulia, pana kama dari ya chumba. Niliona haya, Chiriku, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Sikumkata.

Shangazi yako.

17 Mei

Shangazi yangu,

Salamu zetu, na pole kwa dobi. Mwalimu wa mimea ameipokea karatasi yako kwa vidole viwili kama anapokea hati ya ndoa. Ule unga ni wa rangi ya zeituni. Niliugusisha kwenye kioo, nikaweka tone la maji, nikatazama, na zilikuwa maelfu, ndefu na laini kama punje za mchele, zote zimelala upande mmoja kama zilizopepetwa. Zote zilianguka kutoka kwenye kofia moja uliyoifunika kwa bakuli la kulia wali. Nikamwita mwalimu, naye akaangalia kwa muda mrefu, akasema hajaziona zenye umbo hilo.

Kuhusu ubaridi, anasema uyoga unatoa maji mwilini mwake kama mtu anayetoka jasho, na maji yakiondoka yanaondoka na joto. Hivyo ndivyo unavyopoa juani. Anasema alifundisha jambo hilo miaka yote na hajawahi kumsikia mtu aliyewatafuta kwa njia hiyo.

Na hapo ndipo nilipoanza kuwaza. Barua yako ya Machi ilijaa rangi. Kahawia, manjano, buluu ikitembea. Hii ya Aprili ina harufu, ina baridi, ina mikono, na aliyeuona mduara ni dobi. Nilikuomba rangi, hukuandika hata moja. Mistari yako inapanda mmoja juu ya mwingine. Na wewe hujawahi kumpa mtu cherehani yako, hata mama yangu alipokuomba.

Shangazi, dobi alikula maharage au alikula nini? Kama ni uyoga, sifongo yake ilikuwa ya rangi gani?

Nijibu upesi.

Chiriku.

9 Julai

Chiriku,

Ninayeandika ni mimi dobi. Shangazi yako amekaa mbele yangu kwenye kiti cha kunyooshea mashuka na ameniapisha niandike kila neno anavyolitamka, nisitie chumvi. Haya, anaanza.

Mwanangu, nimechelewa kukujibu kwa sababu niliandika mwenyewe mara tatu na mara zote dobi akaniambia nimeandika juu ya mistari niliyokwisha kuiandika. Umeshajua. Macho yangu yana presha. Daktari wa macho anasema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya matone asubuhi na jioni. Nilianza kuona pembeni pamefungwa pazia tangu mwaka jana. Sindano nikawa naitunga uzi kwa ulimi. Siku ile ya Machi jua lilikuwa kali na nilikuwa nimeuweka uyoga karibu na pua, ndiyo maana niliiona ile buluu. Ni kitu cha mwisho nilichokiona vizuri. Sikutaka kukuandikia hivyo, nilitaka kukuandikia uyoga.

Dobi hakula maharage. Nilimpelekea kikapu cha uyoga. Niliwagusa wote, nikawanusa wote, nikajidanganya kwamba vidole vinajua kila kitu. Vidole havijui nyekundu. (Mimi dobi nasema ilikuwa jioni na taa ya jikoni kwangu ni hafifu, nami sikuangalia, nilikaanga tu, kwa hiyo tugawane.) Alitapika mpaka akaitiwa gari, wakamlaza zahanati wakamtundikia maji. Nilikaa kwenye benchi la nje nikimsikia anavyolalamika, na kila aliponyamaza nilibisha mlango. (Sikulalamika. Niliomba maji.) Yuko hai, ana nguvu za kunikatiza maneno kama unavyoona. Tangu hapo sijaweka hata mmoja chunguni, wala sitaweka.

Lakini kwenda naenda. Dobi ananisindikiza, ananisomea rangi, mimi namsomea mengine. Sijui kama utanielewa. Nilidhani macho yakienda dunia itanisogea karibu iwe ndogo, iwe chumba hiki na ukuta wake. Kumbe kule chini mikono yangu inaingia mahali ambapo sikuwahi kufika nilipokuwa naona.

Nimesema yangu yote. Sasa wewe. Nimekuuliza habari za mgeni wetu mara mbili. Mara ya kwanza ukanijibu kitanda, mara ya pili hukujibu hata kitanda. Sikulazimishi. Ila nimekaa.

(Mwisho wa maneno yake. Mimi pia nimekaa. Dobi.)

28 Julai

Shangazi,

Hakuna mgeni. Aliondoka Februari, kabla barua yako ya kwanza haijafika. Nililala hospitali siku chache nikarudi nyumbani. Tulihamisha kitanda kwa sababu kile chumba cha nyuma tulikuwa tumeshakipaka rangi kwa ajili yake.

Uliposema shavu la mtoto aliyetoka kuogeshwa, nilikwenda kusimama kwenye stoo ya vioo mpaka nikaweza kurudi. Halafu niliendelea kusoma, nikafika kwenye buluu, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali nikataka kujua kitu. Kwa hiyo sikukujibu. Niliogopa nikikuambia utaacha kuniandikia uyoga na kuanza kuniandikia pole.

Na mume wangu hatuzungumzi habari hiyo. Anatoka asubuhi, anarudi jioni, tunaulizana chumvi.

Weka matone yako. Nimeomba likizo, nakuja mvua zikianza tena. Mwambie dobi asipike chochote.

Chiriku.

2 Desemba

Shangazi yangu,

Nimefika salama, mifupa yote mahali pake. Nimewakuta wote wazima. Nataka niandike mambo yale kwa utaratibu, maana nilipokuwa kwako sikuyasema, nilikuwa nayatazama tu.

Ulinishika mkono ukaniongoza wewe. Mimi ninayeona nilijikwaa mara ngapi sijui, wewe ulipita kwenye mizizi kama unapita jikoni kwako. Ukaniambia nifumbe macho nipitishe kiganja. Nilijiona mjinga, dobi anacheka nyuma yangu na mwavuli wake. Halafu hewa ikapoa chini ya mkono wangu. Nikashusha vidole na alikuwepo. Nikamkata, nikafumbua macho, nikaiona ile buluu ikitembea, na nikakusimulia, "Sasa imefika nusu, sasa inazunguka, sasa imekutana," nawe ukawa unatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za mtoto wake aliye safarini.

Kwa yule mkubwa tulilala chini wote wawili, wewe upande huu, mimi upande ule, mikono imeingia chini ya dari yake. Hapo ndipo nilipokusimulia yote ya hospitali. Hukuniambia pole. Ulinitafuta kidole chini kule ukakishika, na tulikaa hivyo mpaka siafu wakatutimua.

Sasa matokeo. Yule mkubwa mwalimu amempata kwenye vitabu, ana jina, anajulikana. Yule wa buluu hajapatikana. Mwalimu amelinganisha spora, wavu wa mguu na harufu ulizozieleza, na kila anapofungua kitabu anakifunga. Amepeleka vipande kwa wenzake wenye vitabu vingi zaidi. Anasema huenda kule una jina ambalo sisi hatulijui, na huenda hauna. Nilimuuliza inawezekanaje kitu kikubwa hivyo kikae nyuma ya kiwanda cha mbao bila jina. Akasema, kwa kigugumizi chake chote, kwamba vilivyo na majina ndivyo vichache.

Lakini si hilo lililonifanya nikuandikie leo. Nilibeba pia mizizi ya msonobari iliyokuwa chini ya uyoga wa buluu. Niliiosha, nikaiweka chini ya hadubini. Shangazi, ncha za mizizi zimevaa. Kila ncha, hata ile nyembamba kama uzi wa cherehani, imevishwa kitu cheupe kama soksi, na kutoka kwenye soksi zinatoka nyuzi nyembamba mno zinazokwenda udongoni na kuishika ncha nyingine. Mti unaupa uyoga sukari, uyoga unaupa mti maji na chumvi za ardhini. Uyoga tunaouona ni tunda tu. Mwenyewe yuko chini, amelala chini ya kila hatua tuliyopiga siku ile.

Mume wangu alikuja kunichukua kazini. Nikamwambia atazame. Alidhani ni kitu cha kutupia jicho, lakini aliinama na hakuinuka. Ni mtu wa nyaya, anajua kufuata waya mmoja katikati ya mia. Akauliza, macho bado kwenye kioo, "Na mti mmoja ukifa, hizi nyuzi zinakuwaje?"

Nikamwambia mwalimu anasema zinabaki kwa muda, zinaendelea kushika miti iliyo karibu.

Hakuinua kichwa. Akasema, "Mimi kile chumba huwa naingia ukiwa kazini." Nikamuuliza anafanya nini humo. Akasema, "Nakaa tu chini." Nikavuta kiti nikakaa karibu naye, na mlinzi alipokuja kufunga jengo alitukuta tunaongea, akaondoka kimya akaanza kufunga upande wa pili.

Tunakusalimu wote wawili. Safari hii kweli wote wawili.

Chiriku.

11 Januari

Chiriku wangu,

Nimesomewa barua yako mara nyingi mpaka dobi anaijua kwa moyo na anawasimulia wateja. Mwambie mkwe wangu nimefurahi. Sina zaidi ya hapo la kumwambia, wala hahitaji. Matone naweka, daktari anasema kilichobaki kimesimama pale pale. Naona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akipita. Binti wa dobi, ambaye ndiye ananiandikia hii, ameanza kushona vizuri, juzi alitia mkono wa gauni kinyume, nikaujua kwa kuupapasa, tukacheka sana.

Kama huo uyoga hauna jina, msiharakishe kuupa. Uacheni kwanza.

Jana mvua ilikatika mapema, tukaenda. Nilipita taratibu, kiganja chini, na nikafika mahali udongo umepasuka kama mkate unavyopasuka juu ukiwa ndani ya tanuri. Hakukuwa na kitu bado. Dobi akasema, "Hapa hamna, twende mbele." Nikapiga magoti. Nikaweka kiganja juu ya ule ufa, si kwa kubonyeza, kuweka tu, kama unavyoweka mkono mgongoni kwa mtu aliyelala.

Nikangoja. Kiwanda kilikuwa kimezima misumeno, matone yanadondoka kutoka kwenye miti. Halafu udongo ukainuka. Kidogo sana, Chiriku, unene wa shuka labda. Ukatulia. Ukainuka tena. Sijui kama ni uyoga uliosukuma au ni mkono wangu uliotetemeka, na sikutaka kumuuliza dobi atazame, maana hilo nilitaka kulijua kwa mkono.

Dobi akasema mawingu yanarudi, nguo za watu ziko kwenye kamba.

Nikamwambia atangulie.

Shangazi yako.